Jicho Lisilouma Nalo Huhitaji Daktari

Maumivu ni mlinzi mwema wa mwili, lakini halindi kila mahali. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haina neva za maumivu. Yaweza kuchanika mwenyewe akiwa anasoma gazeti, asihisi lolote. Kwa sababu hiyo, somo la jicho linaloishia kwenye mchoro wa lenzi na picha iliyopinduka halijakamilika. Mwanafunzi hana budi kuzijua pia dalili zisizongojewa.

Nafasi iliyo baina ya lenzi na retina imejaa ute mzito upatao mililita 4, na takriban asilimia 99 yake ni maji. Kadiri mtu anavyozeeka, ute huo huyeyuka kidogo kidogo, husinyaa, na hatimaye hujitenga na retina. Jambo hili huwapata watu wengi baada ya umri wa miaka 50. Huweza kuwawahi wale wasioona mbali, waliopasuliwa mtoto wa jicho, au waliowahi kuumia jichoni. Aghalabu halileti madhara. Lakini pale ambapo ute umeshikamana mno na retina, huivuta na kuichana. Majimaji hupenya katika ufa huo na kuibandua retina, kama unyevu ubanduavyo chokaa ukutani.

Dalili za kuangaliwa ni tatu. Ya kwanza ni vimweko vya mwanga pembeni mwa jicho, vionekanavyo hata gizani. Hivyo hutokana na retina kuvutwa. Ya pili ni kuzuka kwa ghafla kwa vidoadoa vingi vyeusi au nyuzinyuzi zinazoelea. Pengine ni damu ya mshipa uliokatika. Ya tatu ni kivuli mfano wa pazia kiingiacho kutoka upande mmoja, ishara kwamba huenda retina imekwisha kuanza kubanduka.

Ni kweli kwamba watu wengi huona vidoa na hawapofuki. Vidoa vichache vya miaka mingi kwa kawaida si hatari. Lakini vikizuka ghafla, mgonjwa hawezi kupambanua mwenyewe. Daktari wa macho ndiye awezaye, baada ya kupanua mboni kwa dawa na kuichunguza retina yote. Yafaa aonwe siku ile ile, au kesho yake.

Zamani, retina iliyobanduka ilikuwa karibu sawa na upofu. Katika miaka ya 1920, Jules Gonin, daktari wa Lausanne, Uswisi, alionyesha kwamba tiba ni kuuziba ufa wenyewe. Siku hizi ufa uliogunduliwa mapema huzungushiwa kovu kwa mwale wa leza au kwa baridi kali. Ukicheleweshwa, huhitajiwa upasuaji mkubwa, na uoni uliopotea huenda usirudi wote. Matone ya dukani hayazibi ufa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Walimu wa Biolojia na Fizikia wakizitaja dalili hizi tatu darasani, hawatapoteza kipindi. Wanafunzi wao ni vijana, lakini nyumbani wana wazazi, na babu na bibi. Nao huenda wakawa wa kwanza kumsikia mzee akisema kwamba tangu asubuhi anaona nzi wasiokamatika.