Beji za mabegi ziwalinde watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya mapambo ya ushabiki ambayo watoto wa shule huyatundika kwenye mabegi yao. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Sekenke, na ualimu niliusomea Chuo cha Kinampanda, humu humu wilayani Iramba.

Siku hizi kila mnada ukifika, wachuuzi hutandaza chini beji, stika, bendera ndogo na vishikizo vya funguo vyenye rangi za Simba na Yanga. Mechi ya watani wa jadi ikikaribia, mtoto asiye na kitu cha timu yake hujiona mpweke. Sishangai. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na babu za watoto hawa walizifuata timu hizo redioni. Hata hivyo, mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alikuja bila daftari la hisabati, huku begi lake likining'inia simba wa plastiki aliyenunuliwa kwa fedha ya daftari hilo. Mwenzake anayebebea vitabu vyake katika kiroba alichekwa kwa kuwa hana pa kubandika beji.

Basi nikapiga marufuku. Nilizikusanya beji zote nikazifungia kabatini. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba mimi ni mpenzi wa Yanga, na siku ile za Simba nilizichukua kwa bidii kuliko za kijani na njano. Watoto waliliona hilo kabla yangu. Mmoja aliniuliza kwa adabu, "Samahani Mwalimu, za Yanga zitakusanywa lini?" Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata mabegi yalijaa majina ya timu yaliyoandikwa kwa kalamu, na marufuku yangu ikafa yenyewe.

Jambo lililonibadilisha mawazo lilitokea alfajiri moja ya mwezi Julai. Nilikuwa nimepewa lifti katika lori, tukiteremka mlima Sekenke. Mwezi huo, saa kumi na mbili asubuhi kwetu bado ni giza. Tulipomaliza kona niliona kitu kidogo kikimetameta kando ya lami, na dereva akakanyaga breki. Walikuwa wanafunzi sita wa darasa la saba wakiwahi masomo. Masweta yao ya bluu yalikuwa yamefunika mashati meupe, hata taa za lori hazikuwaonyesha. Kilichong'aa ni beji ya Simba kwenye begi la mmoja wao, yenye kipande cha reflekta kama kile cha vizibao vya bodaboda. Ni aina ile ile niliyokuwa nimeifungia kabatini.

Ndugu Mhariri, barabara hii kuu hupitisha malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo usiku na mchana. Watoto wa vitongoji vya mbali hawana njia nyingine ya kufika shuleni. Kwa hiyo nawashauri wazazi wenzangu: mtoto akililia pambo la timu yake, usimkatalie moja kwa moja, bali mchagulie.

Kwanza, daftari na kalamu zinunuliwe kabla ya beji. Pili, pambo liwe moja, jepesi, lisilo na pini kali wala kamba ndefu inayoweza kunaswa na gurudumu la baiskeli au pikipiki. Tatu, liwe na reflekta, na mzazi alijaribu nyumbani usiku kwa kulimulika kwa tochi kutoka mbali. Tena lisiwekwe mgongoni tu. Mtoto anayetembea upande wa kulia wa barabara, kama tunavyowafundisha, hutazamana na magari yanayomjia. Hivyo kipande kingine kishonwe kwenye mkanda wa begi unaopita kifuani. Kwa yule wa kiroba, kitambaa hicho hicho kishonwe kwenye kiroba chake. Gari halichagui begi la dukani.

Walimu nao tuache upendeleo. Mwalimu anayewakusanyia watoto beji kwa rangi huwafundisha dhuluma, hata kama siku hiyo somo lake lilikuwa uraia.

Na kama ni fahari, mbona yetu tunaisahau? Mkoa wetu una Singida Black Stars, na uwanja wa Liti uko mjini Singida. Sekenke yenyewe ina historia ya dhahabu. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipiga pale Tabora sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka katika mgodi wa Sekenke. Wanafunzi wangu wengi hawakulijua jambo hilo mpaka nilipowaeleza. Sasa tumeanza kukata tembo wa kitambaa cha reflekta katika kipindi cha kazi za mikono, na kila mtoto anashona wake. Wa Simba na wa Yanga wote wanamvaa.

Namalizia kwa kuziomba klabu zetu kubwa na watengenezaji wa bidhaa za mashabiki watie reflekta katika kila pambo linalouzwa kwa watoto. Rangi za timu zitabaki zile zile. Kamati za shule nazo zilizungumze jambo hili katika mikutano ya wazazi kabla ya Julai kufika, kwani sisi tunaokaa kando ya barabara kuu tunajua jinsi breki inavyolia alfajiri.

Beji nilizofungia kabatini nimezirudisha kwa wenyewe, za Simba zikiwa za kwanza.

Mwalimu wa Kijiji,
Sekenke, Iramba,
Singida.