Mzungu akishuka Kilimanjaro, mechi ya Ushirika ataijuaje?

MJINI Moshi hawakosekani wageni wanaozunguka bila ratiba. Ni wazungu walioshuka Mlima Kilimanjaro jana yake, miguu inauma na ndege yao ya KIA ni kesho. Wanakunywa kahawa, wanauziwa batiki na vinyago kila kona, kisha wanarudi hotelini kulala.

Jioni hiyohiyo, Uwanja wa Ushirika unaweza kuwa na mechi. Hakuna anayewaambia.

Wapo watakaocheka. Mzungu aliyezaliwa karibu na Ligi Kuu England aje kutazama madaraja ya chini ya Bongo? Afuate nini?

Jibu liko hukohuko England. Kuna mashabiki wanaotoka Ujerumani, Norway na Uholanzi, wanapanda ndege kwenda kuangalia timu za daraja la nne, la tano na hata chini ya hapo. Wanachotaka ni kusimama karibu na mstari hadi wamsikie kocha akifoka, wanywe bia na wenyeji na warudi kwao na skafu ya timu ambayo jirani hajawahi kuisikia.

Hata Waingereza wenyewe wana ugonjwa huo. Tangu 1978 wana chama kiitwacho Ninety-Two Club, cha watu waliotazama mechi kwenye viwanja vya timu zote 92 za madaraja manne ya juu. Kule kusini mwa London, Dulwich Hamlet imejenga undugu na Altona 93 ya Hamburg, na mashabiki wao hutembeleana. Hizo zote ni timu ndogo.

Mfano mkubwa ni Wrexham. Waigizaji Ryan Reynolds na Rob McElhenney waliinunua 2021 ikiwa daraja la tano. Imepanda mara tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, na Wamarekani wanasafiri hadi mji ule wa Wales kuiona. Pesa yao haiishii getini. Inalala hotelini, inakula mgahawani na inanunua jezi.

Wabongo nao si wageni wa ligi hizo. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, alicheza Mansfield Town na Solihull Moors, na akaitwa Taifa Stars akitokea huko.

KWANINI SI MOSHI?

Moshi ina kitu ambacho timu nyingi ndogo za England zingekililia. Wageni wameshafika! Hakuna haja ya kuwashawishi wapande ndege. Wameshalipa nauli, wana siku moja au mbili mkononi, na jioni mawingu yakifunguka wanauona mlima ule walioupanda ukiwa juu ya mji.

Kinachokosekana ni vitu vidogo. Cha kwanza ni ratiba. Shabiki wa Oslo anajua wiki kadhaa kabla kwamba Jumamosi saa 9 alasiri kuna mechi mahali fulani England. Hapa mechi za madaraja ya chini zinaweza kuhamishwa siku au saa, na taarifa ikaishia kwenye kundi la WhatsApp la viongozi. Mwenyeji mwenyewe anaipata kwa kubahatisha, sembuse mgeni.

Cha pili ni biashara. Mgeni akifika uwanjani anataka tiketi ya karatasi ya kuweka kumbukumbu, jezi, skafu, soda na choo kisafi. Na atoe kiingilio kilekile anachotoa mwenzake wa jukwaani. Tamaa ya kumtoza mzungu mara kumi itampata mara moja tu, harudi na hamwambii mwenzake.

Kwamba inawezekana, ushahidi upo. Kilimanjaro Marathon huanzia na kumalizikia pale Ushirika, na kila mwaka wageni wanajazana. Wanajua tarehe mapema na wanajua watakuta watu.

Hapo kwenye kukuta watu ndipo penye kidonda.

Mgeni anayemfuata Dulwich au Wrexham anafuata kelele za wenyeji. Jukwaa tupu halimvutii mtu, hata kama nyuma yake kuna mlima wa mita 5,895. Moshi ilionja Ligi Kuu kuanzia 2019 Polisi Tanzania ilipopanda, na Simba na Yanga zikija, Ushirika palichangamka. Timu iliposhuka 2023, vigogo hao waliondoka na umati wao. Walioonekana mashabiki wa Moshi wengi walikuwa wa Kariakoo.

Angalia wapagazi na waongoza watalii. Mpagazi anakaa na mgeni siku sita, kuanzia geti la Machame wanabishana Arsenal na Manchester United. Huyo ndiye angekuwa wakala bora wa timu za Moshi, akisema tu, "Bosi, Jumamosi twende Ushirika." Lakini Jumamosi jioni, mechi ya Ushirika ikiwa haijaisha, naye yuko kibanda umiza anaangalia England. Atamwalikaje mtu sehemu ambayo yeye haendi?

Kwa hiyo viongozi wa soka Kilimanjaro waanze na mpagazi, bodaboda, muuza ndizi na mwanafunzi wa chuo. Tarehe isiyoyumba, ratiba ibandikwe stendi, sokoni na kwenye kila ofisi ya watalii, kiingilio cha watu wa kawaida, timu yenye vijana wa mitaa ya hapohapo. Wenyeji wakijaa, mzungu atauliza mwenyewe kelele zile zinatoka wapi.

Afcon 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha, jirani kabisa na Moshi, inajengewa uwanja wa mashabiki 30,000. Wageni wa mpira watapita KIA kwa wingi. Timu za Moshi zikiendelea kucheza kwa siri, watapanda mlima, watashuka na wataondoka wakidhani mji huu hauna mpira.