Damu Iliyorudi Haiko Ujana

Katika mukutano mumoja juu ya mila zetu, hapa Bukavu, muzee mumoja alisimama akasema: «Bakoko betu habakujuaka ile ugonjwa ya menopozi. Ni mambo ya bazungu.» Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na tangu siku ile natafuta nafasi ya kumujibu.

Kwanza, haiko ugonjwa. Ni kukatika kwa damu ya mwezi, na kwa wanawake wengi kunafika kati ya miaka 45 na 55. Mwanamuke akimaliza miezi 12 bila kuona damu, basi amefika. Pili, wakoko walijua sana. Kitu hawakufanya ni kulisema jambo hilo mbele ya wanaume. Ni nani kati yetu hajaona mama wa miaka 50 akitupa blanketi pembeni, usiku wa mwezi wa saba, wakati upepo wa ziwa unamufanya bwana yake ajifunike mpaka kichwa? Homoni inayoitwa estrojeni imepunguka, na ile sehemu ya ubongo yenye kupima joto la mwili inadanganyika: inaona joto pasipo joto. Mama analowa jasho, usingizi unakimbia, anatoka mu kiwanja kutafuta baridi.

Hapo ndipo ukimya wetu unageuka hatari. Mwanamuke muzee mwenye kutembea usiku, tunajua anaitwa jina gani. Mu mwaka 2021, hapa Kivu ya Kusini, wanawake wazee waliuawa na watu wa kwao wenyewe kwa sababu walishitakiwa uchawi. Sisemi kwamba walitoka inje juu ya joto. Nasema tu kwamba kijiji kisichokuwa na neno la kuita mambo haya kitatafuta neno lingine.

Na musifikiri nasifu hospitali. Dada yangu mukubwa alitibiwa malaria mara tatu mu mwaka mumoja, juu ya joto na jasho la usiku, bila hata tone la damu yake kupimwa. Mara ya ine wakamupa dawa ya usingizi. Hakuna aliyemuuliza: «Mama, mwezi yako ya mwisho ilikuwa lini?» Lile ulizo halina bei. Halihitaji mashine wala umeme.

Kuna madaktari wanaoogopa homoni kama moto, na woga huo una historia. Mu 2002, huko Marekani, uchunguzi mukubwa juu ya wanawake 16.608 ulisimamishwa kwa sababu wale waliokunywa estrojeni pamoja na projestini walipata zaidi kansa ya maziwa na damu kuganda mu mishipa. Ilikuwa kweli. Lakini wanawake wale walikuwa na miaka 63 kwa wastani, na kansa iliongezeka kwa watu 8 hivi kati ya 10.000 kwa mwaka. Leo inajulikana kwamba mwanamuke mwenye afya, asiyefika miaka 60, ao ambaye haijapita miaka 10 tangu damu ikatike, mara nyingi anapata faida kuliko hasara. Na kwa lile joto hakuna dawa inayopita homoni. Mwenye aliugua kansa ya maziwa ao damu kuganda, asiziguse. Mwenye angali na tumbo la uzazi, asipewe estrojeni peke yake. Lakini wamama wengi hawana feza ya dawa hizo. Wanaenda sokoni.

Sokoni, tusichanganye watu. Kuna muganga wa kienyeji anayekaa na mama saa nzima, anamusikiliza, anamwambia apunguze pombe na apumuzike. Ile saa nzima ni dawa; hata Ulaya wanalipa watu wa kufundisha wamama namna ya kutuliza mawazo na kupata usingizi, na mateso ya joto yanapunguka. Soya yetu, tunayowapa watoto mu uji, ina kitu chenye kufanana kidogo na estrojeni. Wengine inawasaidia, wengine hapana. Sambaza zinazoliwa na mifupa yake, lengalenga, kutembea kwa miguu: mifupa ya mama inahitaji hayo, kwa sababu estrojeni ndiyo iliyokuwa inaichunga. Hapo sina ugomvi na mila.

Ugomvi wangu uko na yule anayeuza «dawa ya kurudisha mwezi». Nimesikia kwa masikio yangu mama akicheka: «Damu imerudia, niko kijana tena!» na wenzake wanamupongeza. Alikuwa amekaa miaka ine bila damu! Mara nyingi sababu yake ni ndogo, ndiyo. Lakini kati ya wanawake 100 wanaotoka damu hivyo, karibu 9 wanakutwa na kansa ya tumbo la uzazi. Na kansa ya mulango wa tumbo inaweza kujionyesha vilevile. Zikikamatwa mapema, mara nyingi zinapona. Muuzaji hajui hayo, ao anajua na ananyamaza, kwa sababu kwake damu ile ni tangazo la biashara. Wengine wanauza na unga wa kukausha uke, ao jiwe la shabu, kwa mama ambaye tayari amekauka na anaumia akikutana na bwana yake. Kidonda juu ya kidonda. Anachohitaji ni mafuta ya kulainisha ao krimu yenye estrojeni kidogo, na bwana mwenye subira.

Wanatuambia kwamba kuuliza hivi ni kuzarau mila. Mila gani? Shangazi alikaa na musichana siku damu yake ilianza, akamuelezea kila kitu. Ni nani aliamuru shangazi huyo anyamaze siku damu inakatika? Vitabu vyetu vinajaza kurasa juu ya ng'ombe za mahari. Tuandike basi maneno ambayo wamama wanatumia kati yao kwa jambo hili, mu Mashi, mu Kilega, mu Kihavu, mu Kifuliru, ili muuguzi ajue namna ya kuuliza.

Dada yangu sasa anaenda kwa daktari na majani yake ndani ya mufuko. Anayaweka juu ya meza: «Na hii pia ninakunywaka.» Mara ya kwanza daktari alikasirika. Mara ya pili aliomba kuyanusa, akaandika jina lake mu fishi. Na yule muzee wa mukutano, kabla ya kurudia maneno yake, aulize bibi yake kwa nini siku hizi anataka kulala karibu na dirisha.