Kabla Hujaongeza RAM, Angalia Grafiki

Nilikuwa nagombana na laptopu.

Nimeinunua ya mtumba, duka moja la Kariakoo. Muuzaji kaniapia: "Kaka, hii Windows 11 inaibeba kama maji." Nafika nyumbani, dirisha likifunguka linasuasua, nikiliburuta linakatika-katika, feni inalia kama mashine ya kukoboa. Hata mwanga wa kioo haupungui. Nikaenda kwa fundi. Hakuuliza swali: "Zima madoido yote, halafu ongeza RAM." RAM anayo yeye, bila shaka.

Mimi nasema ushauri huu unatumalizia hela bure, na nitaeleza kwa nini.

Enzi za Windows XP, kila programu ilichora dirisha lake moja kwa moja kwenye kioo. Dirisha la juu likisogea, la chini linaambiwa lijichore upya. Programu ikiganda, unabaki na ule mkia wa madirisha (waliozikuta kompyuta za intaneti kafe wanaukumbuka). Apple waliachana na mtindo huo, na mwaka 2002, kwenye Mac OS X 10.2, kazi ya kuyaunganisha madirisha wakaipeleka kwa chipu ya grafiki. Windows Vista ikafuata mwaka 2007. Kila dirisha linachorwa pembeni, kwenye memori, kisha chipu inayapanga yote, inatia vivuli na ukungu, inatoa picha moja. Dirisha la pikseli 1024 kwa 768 linakula kama megabaiti 3. Kwa chipu ya grafiki hiyo ni kazi ndogo. Kumwachia prosesa peke yake ni kumbebesha mhasibu magunia.

Na mnunuzi kufichwa jambo hili hakukuanzia Kariakoo. Mwaka 2006, kabla Vista haijatoka, kompyuta zilibandikwa stika ya "Windows Vista Capable". Baadhi zilikuwa na chipu ya Intel 915, isiyo na draiva ya aina mpya iliyotakiwa ili kuonyesha yale madirisha ya kioo, Aero. Microsoft walikuwa wamelegeza sharti hilo. Wanunuzi wakafungua kesi Seattle mwaka 2007. Utetezi ukawa kwamba Vista Home Basic, ile isiyo na vioo, inakubali. Yaani gari linatembea, ila si lile uliloliona kwenye tangazo! Barua pepe za ndani zilipowekwa hadharani mwaka 2008, ikajulikana kuwa hata kigogo wa Microsoft, Mike Nash, alinunua laptopu ya namna hiyo, akalalamika kwamba kabaki na mashine ya dola 2,100 ya kusomea barua pepe. Mwaka 2009 jaji aliondoa hadhi ya kesi ya pamoja, kila mlalamikaji akabaki na lwake.

Turudi kwenye laptopu yangu. Nilifungua orodha ya vifaa, sehemu ya grafiki, nikakuta maneno "Microsoft Basic Display Adapter". Maana yake Windows haikuwa na draiva ya chipu iliyomo ndani, kwa hiyo prosesa ndiyo ilikuwa inachora kila kitu. Chipu yenyewe nzima, imekaa tu kama mgeni. Nikapakua draiva kwenye tovuti ya watengenezaji, nikazima, nikawasha. Madirisha yanateleza, feni imenyamaza, mwanga unapungua. Gharama ni bando.

Na kuzima madoido? Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kule kuunganisha madirisha hakuzimiki. Unachoondoa ni vivuli, uwazi na mbwembwe za kufungua na kufunga, mzigo wenyewe upo palepale. Sikatai, kama RAM ni GB 4 na chipu ya grafiki inakopa humohumo, kuiongeza kunasaidia, na kuondoa uwazi kunapunguza kidogo. Lakini fundi anayetaja RAM kabla hajafungua orodha ya vifaa, huyo anauza duka lake.

Siku hizi nikienda kununua, naomba mashine iwashwe, nafungua ile orodha palepale kaunta kabla sijatoa hata shilingi. Wauzaji wananikunjia sura. Wakunje tu, hela ni yangu.