MAUMIVU SUGU SI UTEGAJI

Kila siku ya kazi za pamoja tunasikia maneno: "Fulani katega tena. Ati mwili unamuuma! Mbona juzi alikuwa sokoni?" Sisi wa kamati ya gazeti hili tunasema maneno hayo yakome, maana yanamuumiza mtu mara ya pili.

Maumivu yakipita miezi 3 huitwa maumivu sugu. Mengine chanzo chake kinaonekana, kama baridi yabisi au goti lililolika. Lakini upo ugonjwa uitwao faibromayaljia: mwili mzima unauma, usingizi hauburudishi, uchovu hauishi, hata kukumbuka mambo ni taabu. Damu ikipimwa haionyeshi kitu, na eksirei vile vile. Basi watu husema anasingizia. Sivyo! Madaktari wanaeleza kwamba ubongo na mishipa ya fahamu huzidisha maumivu, kama redio iliyofunguliwa mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani limeyatambua maumivu ya namna hii katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Leo mtu ana nafuu, kesho hainuki. Ndiyo maana juzi alikuwa sokoni.

Je, afanyeje? Kulala kutwa hakusaidii, mwili unazidi kukakamaa. Kujikaza kulima kutwa siku ya nafuu nako kunaweza kumlaza siku kadhaa. Kinachosaidia zaidi ni mwendo: atembee kidogo kila siku, aongeze polepole, na alale na kuamka saa zile zile. Kujinunulia daiklofenaki dukani na kuimeza kila siku ni hatari kwa tumbo na figo. Na mwenye viungo vilivyovimba, homa isiyoisha, anayekonda au anayeishiwa nguvu miguuni, asingoje, aende hospitali.

Sasa, jamani, sisi wana ushirika tufanye nini? Tunapendekeza mkutano ujao ukubali mambo 2. Kwanza, mwenye maumivu sugu asitozwe faini kwa kukosa kulima, bali apewe kazi anayoiweza, kama kuchambua mazao au kuandika daftari la mizani, aketi na kusimama apendavyo. Pili, apangiwe saa chache kwa siku nyingi, si kutwa nzima siku moja. Chama kitapata kazi yake, na mwenzetu atabaki na heshima yake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kamati ya Gazeti la Ukutani