Dawa ya Deni

Msomaji kijana, ukiulizwa darasani kwa nini dola kubwa za zamani zilianguka, najua jawabu utakalolitoa, maana ndilo tulilofundishwa sote. Utasema kwamba adui alitoka mbali akazivamia. Roma ilitekwa na Wagothi mwaka 410. Kilwa iliporwa na Wareno mwaka 1505. Na Wareno nao wakatolewa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na Waarabu wa Omani mwaka 1698. Jawabu hili hupata alama katika mtihani. Mimi nasema ni nusu ya jawabu, tena nusu iliyo ndogo. Adui huja katika kila zama, na dola yenye afya humrudisha alikotoka. Swali kubwa ni hili: adui alipobisha mlango, kwa nini waliokuwa ndani hawakutaka kuushikilia?

Huna haja ya kusafiri mpaka Roma kutafuta jawabu lake. Liko Nairobi, katika Kibera na Kawangware, mahali ambapo wapo watu wasemao kwamba hapana historia ila mabati na matope. Neno hilo nalipinga. Dola tatu zimepita hapo, na kila moja iliacha deni.

Tuanze Kawangware, katika sehemu ya Dagoretti. Mwaka 1890 alifika huko nahodha Mwingereza, Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni iliyotaka kutawala Afrika ya Mashariki. Alifanya urafiki na Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome ndogo, akaenda zake Uganda. Wakikuyu wa jirani walikuwa na chakula, na ngome ilikuwa na njaa. Biashara ya haki ingaliweza kuilisha miaka mingi. Lakini watu wa ngome walianza kunyang'anya walichopaswa kukinunua. Mwaka 1891 ngome ile ilishambuliwa, ikahamwa, ikaangamia. Haikuishi hata mwaka mzima. Je, iliangushwa na adui kutoka mbali? La, iliangushwa na majirani walioilisha.

Sasa tazama Kibera. Mwaka 1820 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipeleka majeshi Sudan kutafuta dhahabu na watu wa kuwafanya askari. Wengi walitekwa, wakavikwa sare, wakapelekwa kulinda mipaka ya nchi isiyokuwa yao. Mwaka 1885 Khartoum ilipoangukia mikononi mwa Mahdi, utawala huo wa Misri ulivunjika, na askari wake waliokuwa kusini kabisa wakaachwa bila mshahara, bila barua, bila njia ya kurudi. Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert mwaka 1891. Mkubwa wao, Selim Bey, alisema hawezi kuitumikia bendera nyingine bila ya idhini ya Khedive wa Misri. Zingatia uaminifu huo, msomaji! Dola ilikuwa imekwisha kuwasahau, nao walikuwa hawajaisahau.

Waingereza wakawachukua, na mara wakalirudia kosa lile lile. Mwaka 1897 askari hao, ambao mishahara yao ilikuwa midogo tena ikicheleweshwa, waliamriwa kuanza safari nyingine ndefu mbali na wake na watoto wao. Wakaasi. Damu nyingi ilimwagika, na serikali ikalazimika kuleta askari wengine kutoka Bara Hindi ili kuuzima moto iliouwasha yenyewe. Hata hivyo askari wengi wa asili hiyo waliendelea kutumika, na mwaka 1902 ulipoundwa mkusanyiko wa vikosi vya King's African Rifles, ambao watu waliuita Keya, wao walikuwamo tangu mwanzo. Walipozeeka walionyeshwa msitu ulio kando ya Nairobi. Katika lugha yao ya Kinubi msitu ni kibra, na ndiyo asili ya jina Kibera. Ardhi hiyo ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Lakini walipewa vibali vya kukaa na kulima. Hati za kumiliki hawakupewa. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa taarifa yake mwaka 1934, iliwahesabu kuwa wapangaji tu wa ardhi ya Mfalme, watu wanaoweza kuondolewa. Hivyo ndivyo dola ilivyomwambia mtu aliyeipa ujana wake: asante, na siku yo yote tutakuhamisha.

Baada ya hayo rudi Roma, uone kama hadithi ni ngeni. Alariki, aliyeuteka mji ule mwaka 410, hakuwa mgeni wa Roma. Mwaka 394 aliwaongoza Wagothi wenzake katika jeshi la Kaisari Theodosius, nao wakafa kwa maelfu kwa ajili yake. Miaka mingi baadaye alikuwa akidai cheo, nafaka na mahali pa kuwakalisha watu wake. Alipochoka kudai, alikuja kuchukua. Na wale Waarabu wa Omani, waliitwa na watu wa Mombasa wenyewe, waliochoshwa na kodi na jeuri ya Wareno.

Mfano wa mwisho ni wa nyumbani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Serikali ya Uingereza iliwagawia askari wa Kizungu mashamba katika Kenya kwa mpango wa mwaka 1919. Askari na wapagazi Waafrika hawakuwamo katika mpango huo. Vita vya Pili vilipokuja, vijana wa Kenya walipelekwa mpaka Burma, na mmoja wao alikuwa Waruhiu Itote. Aliporudi alikuta ardhi ni ile ile ya wengine na dharau ni ile ile. Akaingia msituni, naye ndiye aliyejulikana kama Jenerali China wa Mau Mau. Dola ilimfundisha vita kwa gharama yake, ikamnyima sababu ya kuipenda.

Wako watakaonijibu kwamba dola ile ilileta reli, shule na hospitali, na kwamba ninaipunja sifa yake. Sikatai kuwa reli ilijengwa. Ilifika Nairobi mwaka 1899. Lakini vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Jengo likisimama tunamsifu aliyeamuru. Mimi nataka tumhesabu na aliyebeba. Methali yetu husema: Asante ya punda ni mateke. Tumezoea kuitumia kumlaumu punda. Hatuulizi alibeba mzigo gani, kwa muda gani, na jioni alipewa nini.

Tukifika hapo, msomaji, lawama hazimwangukii Mwingereza peke yake. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilirithi majumba na ofisi za dola iliyoondoka. Arithiye nyumba hurithi na madeni yake. Ilipita miaka 54 kabla ya Wanubi wa Kibera kupewa hati ya pamoja, mwaka 2017, nayo ilikuwa ya ekari 288. Ni jambo jema, nami silidharau. Lakini linganisha 288 na 4,000, ujue ni sehemu gani ya deni iliyolipwa. Wala Wanubi si wadai peke yao. Wamo Kibera na Kawangware watu wa makabila yote, wanaotoka alfajiri kwa miguu kwenda kujenga nyumba wasizolala, kulinda milango wasiyoingia na kulea watoto wa wengine. Hao ndio wabebaji wa Nairobi leo. Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, watu waliing'oa reli ipitayo Kibera, na bidhaa za Uganda zikakwama. Lilikuwa tendo baya lililoumiza wasiokuwa na hatia. Lakini anayelilaani bila ya kuuliza lilitoka wapi ni kama mwanafunzi yule anayejibu kwamba Roma ilianguka kwa sababu ya Wagothi, akaweka kalamu chini.

Baadhi yenu mtakuwa mawakili, wahandisi, madiwani, pengine mawaziri. Watu watawaonyesha ghorofa ndefu na barabara za juu kwa juu na kuwaambia: tazameni tulivyo na nguvu. Msikubali kipimo hicho, kwa maana Roma ilikuwa na majumba marefu mwaka 409. Shukeni Kibera na Kawangware, mkaulize nani anamiliki anapolala, nani amelipwa alichokifanyia kazi, na nani ataondolewa kesho bila ya fidia. Majibu mtakayoyapata yaandikeni, myapeleke panapotungwa sheria, wala msinyamaze mpaka yajibiwe. Dawa ya deni ni kulipa, na mdai bado yuko mlangoni kwa upole.