Lita moja na nusu zilizopotea

Ndugu msomaji, wiki hii nakuandikia habari ya petroli, na ndani yake limo kosa langu mwenyewe.

Kamati ya msikiti wetu ina pikipiki ya CC 125 ambayo ustadhi wetu huitumia kwenda kusomesha katika madrasa mbili zilizo mbali. Kwa juma moja huenda kilomita 210, na kamati humpa lita 5. Katika kikao kimoja, mjumbe alikuja na karatasi ya matangazo ya pikipiki kama ile, imeandikwa kwamba lita 1 huenda kilomita 60. Tukagawanya: 210 kwa 60 ni lita 3 na nusu. Basi lita 1 na nusu huenda wapi kila juma? Hakuna aliyetamka neno wizi, lakini nyoyo zilikwisha kulitamka. Nikaagizwa niandike barua ya kumtaka ustadhi ajieleze, nami nikaiandika.

Kabla ya kuipeleka nilipita kwa fundi mzee wa mtaani kwetu. Akaniuliza, "Mmepima, au mmesoma tu?" Akanieleza kuwa kipimo cha kiwandani hutokana na pikipiki mpya, mpandaji mmoja na mwendo uliopangwa. Ustadhi wetu hupita vilima na vumbi, amebeba misahafu, na mara nyingi mwanafunzi yuko nyuma yake. Kila anaposimama na kuondoka tena, injini huanza upya kusukuma uzito wote ule. Na anapochelewa akakimbiza, upepo nao hudai haki yake: mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani wa hewa huzidi mara nne.

Tukapima. Njia ni nyepesi, na kila nyumba yenye pikipiki yaiweza. Simamisha pikipiki wima kwa stendi ya katikati, jaza tangi hadi alama uliyoichagua, andika kilomita zinazosomeka. Tembea kama desturi yako. Kisha jaza tena hadi alama ileile, na gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Rudia mara mbili au tatu, kwani kipimo kimoja huweza kudanganya.

Juma la kwanza ziliingia lita 4.8, yaani takriban kilomita 44 kwa lita. Fundi akaikagua: matairi yamepungua upepo, cheni imekauka, chujio la hewa limejaa vumbi, na breki ya nyuma inashika hata isipokanyagwa. Akayatengeneza yote asubuhi moja. Juma lililofuata, kwa njia ileile, ziliingia lita 4.1, takriban kilomita 51 kwa lita. Tofauti hiyo ya lita 0.7 kwa juma ni zaidi ya lita 36 kwa mwaka. Ama ile 60 hatukuifikia, na kwa njia ile na mzigo ule sidhani tutaifikia.

Niliichana barua, nikaenda kwa ustadhi kumwomba radhi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumhukumu moyoni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Katibu, breki ile inashika tangu Mfunguo Tatu. Niliona haya kuomba fedha za fundi, nikijua mfuko wa msikiti ulivyo."

Maneno hayo yalinichoma kuliko lawama. Yeye alikuwa akiuonea huruma mfuko, nasi tulikuwa tukimhesabia lita.

Ndugu zangu, wapo miongoni mwetu wazazi waliomkabidhi kijana pikipiki ya biashara, na kila jioni hesabu ya mafuta huzua maneno kati ya baba na mwana. Wapo wake wanaohesabu fedha ya petroli na kushuku safari za waume zao. Pimeni kwanza, tena pimeni pamoja, mwenye mali na mwenye kuendesha. Ikiwa upungufu upo, utaonekana bila ya kumvunjia mtu heshima. Na fedha ya fundi itengwe mapema, ili mwenye kuendesha asilazimike kuchagua kati ya kuomba na kunyamaza. Kamati yetu sasa imeitenga, na daftari la kilomita hujazwa na ustadhi mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.